Changu wa Siku Tatu

Jumanne nilimnunua Markiti, kilo moja na robo.
Swabra akanyanyua kisu: "Nikupalie magamba?"
Nikamwambia hapana, acha yote, na matumbo yake.
Akanitazama kama mwari aliyeolewa jana
na kwao hawakumfunza jiko.

Nikamlaza kwenye sinia la marehemu mama,
shaba iliyobonyea upande wa kushoto
siku tuliyohama Kibokoni kwa mkokoteni.
Kando yake ndimu tatu, moja nimeikata,
na kisu kile cha mpini wa mpingo.
Dirisha langu hupata mwanga wa haki
tangu saa tatu hadi saa nne na robo.
Baada ya hapo bati jipya la jirani huwaka,
na kila kivuli nilichokipima
kinanikana.

Ukimtazama kwa pupa utasema changu ni mwekundu.
Kaa naye.
Chini ya pezi kuna kijani cha maji yaliyolala,
tumboni zambarau hafifu, ya ganda la kitunguu,
na ule mng'ao wa gamba hautoki kwenye tyubu ya nyeupe:
hutoka kwenye kijivu, ukikiweka palipo pake
kisha ukauzuia mkono usiongeze.
Kuuzuia mkono kulinichukua miaka sita
na turubai nyingi nilizozigeuza zitazame ukuta.

Jumatano jicho likaingia ukungu.
Stima ilikatika usiku, barafu ikawa maji ya mwiko.
Mwezi wa tano huu, mafuta ya kitani hayakauki,
unyevu umeyashika kama deni,
na samaki anaoza upesi kuliko rangi inavyoshika.
Paka wa ghorofa ya chini akaja kukaa kizingitini,
mkosoaji wangu wa pekee mwenye njaa ya kweli.
Akaja na Bi Shufaa, mwenye nyumba,
leso kaibana puani:
"Mwanangu, kuna mtu kakufia humu?"
Nikamjibu ni kazi.
"Kazi gani hiyo, hailiwi wala haizikwi?"

Alhamisi mkia ulikuwa umejikunja
kama bahasha iliyonyeshewa ikaanikwa.
Nilitaka kudanganya, sifichi.
Mkia wa Jumanne ninao kichwani, ule uliolowa, uliowaka;
ningeupaka kwa dakika ishirini, na nani angejua?
Brashi ikafika pale, ikasita,
nami nikasita nayo, mpaka mwanga ukaanza kuniponyoka.
Nikauchora ulivyo.

Basi samaki wangu hana siku moja.
Kichwa ni cha Jumanne, bado kinashangaa hewa.
Ubavu ni wa Jumatano.
Mkia ni wa Alhamisi, na ndimu iliyokatwa
imerudi ndani ya ganda lake, kingo zimekauka.
Inzi mmoja nilimwacha. Alistahili,
hakukosa kikao hata kimoja.

Wanaziita picha za vitu vilivyotulia.
Mimi sijakutana bado na kitu kilichotulia.
Hata hilo sinia:
saa tatu linanionyesha uso wangu, mpana, wa kitoto,
saa nne kivuli kikiingia pale palipobonyea
ni mama, amekunja kipaji,
anauliza kitoweo cha watu kiko wapi.
Nimejaribu kumchora. Hapo pana madoa manne ya hudhurungi
ambayo mgeni ataona ni kutu.

Ijumaa paka alipewa haki yake.
Nikasugua sakafu kwa ndimu zilizobaki,
nikachoma udi, nikafungua kila kinachofunguka.
Bi Shufaa akapanda ngazi, akihema,
akasimama mbele ya turubai.
Alikaa kimya muda wa kuhesabu magamba.
Kisha mkono ukapanda wenyewe, ukaivuta leso puani.

"Mbona bado ananuka?"

Sikuwahi kusifiwa vile.
Nilitaka kumbusu mkono,
lakini kodi ya miezi miwili
akaidai palepale.