Mita Nne za Mwisho

Simu ya Kavutha inasema: mita sitini, kaskazini-mashariki.
Mimi nasema: pale kwa fundi viatu, pinda kulia.
Ni mahali pamoja.

Jumamosi, Jericho, saa tatu asubuhi.
Nguo zimeanikwa, redio tatu zinabishana juu ya mpira,
na binti ya dada yangu, miaka kumi na mmoja,
anatembea akikodolea kiganja
kama mpiga ramli.
"Mjomba, kuna kopo limefichwa.
Ukilipata unaandika jina,
unachukua kitu, unaacha kitu."
Mwenyewe ni nani?
"Halina mwenyewe. Ni mchezo."
Katika mji huu kitu kisicho na mwenyewe
hakimalizi usiku.
Sikusema. Nikamfuata.

Ukuta wa kwanza ni wa zahanati.
Jogoo, maana barabara yetu ni ya Jogoo,
mrefu kuliko mlango,
manyoya ya chupa za bia,
kishungi cha kigae kilichodondoka paani,
jicho kifungo cha koti la marehemu fulani.
Kila nyumba ilileta kilichovunjika:
vikombe visivyo na mkono,
sahani zilizoponyoka siku ya matanga.
Saruji niliichanganya mimi,
mchanga tatu, saruji moja, maji ya kukisia,
na Bi Nyanchama nyuma yangu akinung'unika
kwamba mguu wa kushoto umepinda.
Umepinda hadi leo.
Kopo lilikuwa nyuma ya bomba, limenaswa kwa sumaku.
Kavutha akachukua gololi, akaacha kibanio cha nywele.

Ukuta wa pili ni bahari.
Ndiyo, bahari, karibu kilomita mia tano kutoka kwenye chumvi.
Vigae vya buluu vya bafu la hoteli iliyobomolewa,
na samaki aliyechongwa kutoka sinki, mweupe,
tundu la maji likawa mdomo wake.
Bahari hatukuwa tumeiona,
ila Shisanya wa reli, naye akasema mawimbi si hivyo.
Tukamwambia alete yake.
Mvua ikinyesha mtaro unafurika,
maji yanapanda hadi kwenye mapezi,
na kwa nusu saa
yule samaki hana kosa.

Simu inajua mengi. Setilaiti, anaeleza mtoto,
ziko juu, zinatuona,
lakini hukosea kama mita nne hivi.
Na hizo nne ni za nani?
"Za macho," akasema. Akafikiri. "Na vidole."
Miaka thelathini nimepiga magoti
nikibandika sakafu za watu,
sijawahi kusikia kazi yangu ikielezwa hivyo.

Ukuta wa tatu haupo.
Simu inasisitiza: umefika. Umefika.
Barabara imepanuliwa. Kokoto, trela, vumbi.
Twiga wetu amebakiza kwato mbili
kwenye jiwe ambalo mama mmoja, muuza nyanya,
amelifanya kiti.
"Kopo? La kijani? Lilikuja na kifusi."
Analo. Linaweka chenji.
Na daftari?
Akalichomoa chini ya gunia.
Mbele, majina ya wageni, tarehe,
mtu wa Uswisi aliyechora jua lenye meno.
Nyuma, mwandiko mwingine:
Baba Wesonga, nyanya, ishirini.
Mwalimu, vitunguu, hamsini, ameahidi.
Fundi simu, mia na kumi, anajificha.

Kavutha akakunja uso. Sheria, alisema,
ni kulirudisha kopo palipofichwa.
Mama akatazama barabara, akamtazama mtoto.
"Palipofichwa, mwanangu, panapita lori."

Tukachukua nyanya sita.
Nilikuwa na noti kubwa,
na kopo zima halikutosha kuivunja.
Basi akanipa kalamu.
Nikajiandika chini ya yule anayejificha:
tarehe, nyanya, sitini.
Kavutha, asiyedaiwa na mtu,
akaomba aandike lake pia,
kwa herufi kubwa, akatoka nje ya mstari,
kisha akaidondosha gololi kati ya sarafu.

Jumatatu narudi kulipa.
Simu atabaki nayo yeye.