Yai la Bi Agripina

Mimi ndiye dalali wa kanisa. Sikuteuliwa na Sinodi;
niliteuliwa na koo langu,
miaka ishirini nikiita namba za makontena bandarini.
Jumapili, Padri Mnkande akishavua kasula,
meza huletwa uani, nami napanda juu ya kreti la soda:
miwa, kanga doti moja, jogoo kafungwa miguu kwa katani,
sadaka za wasiokuwa na noti.

Jumapili ile Msimbazi ulikuwa umepanda.
Au niseme ulikuwa umeshashuka,
umeacha tope vitandani mwa watu wa bondeni
na mstari ukutani, kama anayepima mtoto urefu.
Chumba cha shule ya Jumapili kililaza familia kumi na tisa.
Madawati nje. Picha ya Zakayo juu ya mkuyu ikabaki,
na chini yake binti wa Mwajabu, ana homa.
Bi Theckla wa Umoja wa Akina Mama aliandika majina yao
nyuma ya daftari la ubatizo,
kwa sababu ndilo lililokuwa kavu.

Ubishi ulikuwepo, sifichi.
Mzee Chitemo alisimama: fedha ya paa ni ya paa,
tunachanga tangu Kwaresima ya mwaka juzi.
Padri akatazama juu, pale panapovuja.
"Mzee, wenzetu wamevujiwa kutoka chini."
Hakuna aliyecheka.
Baadaye kidogo, tukacheka.

Basi, yai.
Bi Agripina alilileta ndani ya kikombe cha bati,
yai la kuku wake aliyenusurika juu ya kabati.
Naye ni wa bondeni. Naye analala chini ya Zakayo.
Nikamnong'oneza: "Bibi, hili ule."
"Kazi yako ni kuita, baba. Ita."

Nikaita.
Mia tano! Elfu! Elfu mbili, kutoka sauti ya nne.
Nesi Ludovika akalichukua kwa elfu tano,
akaliinua kwenye mwanga kama anayesoma kipimo,
akalirudisha mezani. "Uza tena."

Mzee Shomvi, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara,
alikuwa ameleta magodoro mawili, akabaki getini na kofia yake ya kiua.
"Elfu kumi!"
Mtu akasema, mzee, huu mnada wa kanisa.
"Yai halina dini," akajibu,
"na huyo kuku simjui anasali wapi."
Limeuzwa. Likarudi.

Mara tisa niliuza yai lile.
Mara ya saba sauti ilinikatika,
mimi niliyeshindana na winchi na honi za meli.
Mara ya nane alilinunua Mzee Chitemo, bila kumtazama mtu,
akitoa noti mojamoja
kama anayeng'oa bati juu ya kichwa chake mwenyewe.

Unga. Dawa ya maji. Vyandarua vinne.
Nauli ya Mwajabu na binti yake kwenda Amana.
Haikutosha. Naandika hivi
ili mtu asije akasema tuliokoa bonde.
Jumatano mvua ilirudi, paa likavuja juu ya kinanda,
na familia nne zikarudi kulekule:
kodi ya nyumba haisikii mahubiri.

Mara ya tisa nililinunua mimi.
Nikalichemsha kwenye birika la sakristia,
humohumo mlimo na maji ya chai ya Padri.
Jioni mtoto aliporudi kutoka Amana nikalimenya;
vidole vyangu, vilivyozoea minyororo, vilitetemeka.
Alikula kiini kwanza.
Bi Agripina, kajikunja kwenye mkeka, akafungua jicho moja:

"Umelitia chumvi?"

Nikatoka mbio kuitafuta.