Kiti cha Nyuma

Baiskeli ni moja, viti ni viwili.
Mbele yuko dada yangu Perrine, usukani mikononi.
Nyuma niko mimi, nazungusha pedali,
na macho yangu hayana pa kwenda
ila mgongoni kwake:
fulana ya kijani, jasho limeichora
ramani ya nchi nisiyoijua.

Miezi kumi na minne hatujasemezana.
Nyumba ya mama iliuzwa, vyombo vikagawanywa,
saa ya ukutani ikaenda kwake
na sauti yake ikaenda nayo.
Safari hii tuliilipia kabla ya msiba.
Wenye baiskeli walikataa kurudisha pesa.
Ndiyo sababu tuko hapa, wala si nyingine.

Lakini wa mbele hana budi kusema.
Wa nyuma haoni; bila neno, wote chini.
Basi tangu asubuhi anayo maneno matatu:
Gia.
Tuta.
Simama.
Nayapokea kama chenji dukani,
nayahesabu kabla ya kuyatia mfukoni.

Njia hii ilikuwa ya farasi.
Walivuta mashua za chokaa kwa kamba,
kwato zao zikaikanyaga ardhi ikanyooka,
hata leo mteremko wake ni mdogo
kama uongo wa adabu.
Hakuna gari. Hakuna hata tetesi za gari.
Kuna changarawe chini ya tairi,
inasagika kama mtu anayetafuna karanga kanisani,
kuna mnyororo unaolilia mafuta,
na mto Mayenne kushotoni, rangi ya chai iliyosahauliwa,
haujui unaenda au umefika.

Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu.
Nauliza moyoni: utatukuta wapi huo mshindo,
kabla ya mji, au baada ya chakula?

Lango la tisa la maji.
Mlinzi wake, bwana Guédon, anapalilia maharage
na haoni haja ya kunyoosha mgongo.
Mayai yako ukutani ndani ya kikapu,
kando yake kopo la sarafu, halina mlinzi.
“Ndugu?” anauliza, akiwa bado ameinama.
“Ndiyo,” tunajibu kwa pamoja,
kisha kila mmoja anatazama kwingine
kana kwamba tumekamatwa na mali ya wizi.

Tunakula chini ya mierebi.
Perrine anatoa kisu akate jibini,
nami namtambua mwenye kisu.
Hakikuwamo kwenye orodha ya mirathi.
Nilimlaumu dalali, nikamwandikia barua mbili kali.
Mpini una kovu la moto lile lile,
la siku tulipokisahau jikoni
na kila mmoja akamsingizia mwenzake,
mama akatuchapa sote, kwa haki.
Perrine hasemi. Sisemi.
Ananikatia kipande cha katikati, laini,
ganda analichukua yeye,
ingawa halipendi, najua halipendi.

Alasiri ng'ombe wamesimama mtoni hadi magotini,
wanatutazama tukipita
kama mashahidi waliochoka kuitwa.
Gia, anasema.
Tuta.
Kisha miguu yake inasimama bila amri,
na wangu pia, mnyororo ni mmoja.
Kidole kinaondoka kwenye usukani, kinaelekea majini.

“Umemwona?”

Neno la nne.
Mdiria, nadhani. Cheche ya buluu, nadhani.
Mgongo wake ulinizibia mto wote.

“Nimemwona,” nasema.

Haulizi zaidi. Sikio lake la kulia
limesogea nyuma kidogo, au ni kofia.
Zimebaki kilomita ishirini na sita,
kaskazini mawingu yanakunjana,
na mayai ya bwana Guédon yanagongana kwenye mfuko wangu,
moja, nahisi, limeshapasuka.

Tu— anasema Perrine,
nami nimekwisha jiinua kitini.