Unywele

Iyunga, Juni, saa kumi na moja alfajiri.
Baridi imezing'ata spana hadi zinaunguza viganja.
Katika ghala lililokuwa la kahawa
bomba la chuma cha pua limelala, mita tatu na nusu,
na ndani yake, miezi kumi na minne sasa,
najenga mahali pasipo na kitu.

"Humo ndani mna nini?" aliniuliza Ambokile,
mchomeleaji wa Mwanjelwa, muunga mikokoteni ya viazi.
Hamna, nikamjibu.
"Miezi yote hiyo unajenga hamna?"
Akacheka, akashusha miwani, akaniungia flanji
kwa mshono mwembamba kama upindo wa kitenge.

Ndiyo. Hamna ndiyo barabara yenyewe.
Protoni ikigongana na punje ya hewa
ni lori la mahindi na ng'ombe, usiku, Mlima Nyoka.

Kona niliichora kwa penseli
nyuma ya risiti za mbolea za baba.
Waya wa sumaku niliuzungusha kwa mkono,
mizunguko mia nne na themanini,
nikihesabu kwa Kinyakyusa nisije nikasinzia.
Chembe nyepesi hupinda mapema, hujigonga ukutani.
Nzito hushindwa kukata, hupitiliza
kama matangi yale ya Tunduma yanayoishia korongoni.
Zenye uzito nilioutaka, hizo tu,
hupenya mwanya wa kutosha sarafu.

Lakini sindano ya geji iligoma.
Wiki tatu pampu inanguruma, sindano palepale.
Nikapaka spiriti kiungo baada ya kiungo
kama mama ampakaye mtoto dawa ya upele,
jicho kwenye geji.
Kiungo cha saba, ikashtuka.
Nikafungua. Juu ya mpira wa duara
umelala unywele.
Wangu.
Mmoja, na Mbeya nzima ilikuwa ikipita chini yake:
moshi wa mkaa, vumbi la saruji,
ukungu wote wa Loleza.

Tangu siku ile nafunga kitambaa kichwani.

Leo mezani pana bahasha ya kaki
yenye nywele nyingine, za Lusekelo, kaka yangu.
Miaka kumi na mmoja Chunya,
akichoma dhahabu kwenye kikaango cha mayai
hadi zebaki ipae na moshi.
Zebaki haipai ikapotea. Hutafuta pa kukaa.
Sasa mkono wake wa kulia humwaga chai
kabla kikombe hakijafika mdomoni,
na nyumbani wanasema karogwa na wenzake wa duarani.
Sikubishana nao.
Nilikwenda kununua waya.

Nawasha mapema, kabla mashine za kusaga hazijaamka
na kuudhoofisha umeme.
Mkanda unapanda, unashuka, unabeba chaji.
Kilovolti mia tatu. Mia sita.
Kitu kinatatarika, nywele za mikono zinanisimama.
Mia tisa.
Kwenye kipande cha kwatzi mwale unatua,
nukta ya buluu, jicho la kifaranga.

Nashusha unywele wake mbele ya mwale.

Kwenye skrini vilima vinaota, punje kwa punje.
Salfa kwanza, mrefu; huo ni wa kila binadamu.
Kalsiamu. Chuma kidogo. Zinki.
Kisha kulia, mahali ambapo kwa unywele wangu
palikuwa tambarare kama Usangu,
kinaanza kuinuka kitu.

Huenda ni kelele za umeme.
Nangoja hesabu mia. Nangoja mia tatu.
Hakishuki.

Lusekelo yuko mlangoni, kofia ya sufu hadi nyusi,
ameikalia mikono yake.
"Mna nini?" anauliza.

Natamani kusema hamna.
Sogeza kiti, namwambia,
ukiona kimwanga cha buluu usikiguse kioo,
subiri kidogo,
bado kinahesabu.