Mnazi wa Njombe

Alianza na "kamwene, mama,"
nami nikalegea.
Mtu anayekusalimu Kibena alfajiri,
ukungu ukiwa bado umekaa mapajani mwa Loleza,
atakuwaje mwizi?

Picha ikaingia: mtoto wa mbwa,
sikio moja limesimama, la pili bado linafikiri.
Sekela akaishika simu kwa mikono miwili
kama anayepokea uji wa moto.
Akampa jina palepale: Ukungu.
Hapo ndipo nilipaswa kuogopa.
Kitu kikishapata jina, bei yake haina mjadala.

Mimi sikutaka mapenzi. Nilitaka meno.
Wezi walikuwa wamepita ghalani mara mbili,
magunia matatu ya viazi,
na jembe la jirani yangu Anyosisye juu yake.

"Wa Kijerumani huyu, mama. Wateja ni watatu.
Tuma elfu hamsini nimshike."
Simu ikauliza, kama iulizavyo siku zote,
una hakika unamtumia huyu?
Daktari wa mifugo mwenye sauti ya besi
akatokea na jina la mwanamke.
Nikasema, labda mkewe.
Moyo ukitaka kitu huwa wakili hodari.
Nikabonyeza namba ya siri.

Kesho yake, sindano: elfu thelathini.
Keshokutwa, sanduku lenye matundu,
kisha kibali cha mizani ya Makambako,
kana kwamba mbwa ni lori la mbao.
Wezi wa ghalani walichukua walichoweza kubeba mgongoni.
Huyu alibebea kwenye kidole changu mwenyewe.

Jumamosi tukasimama stendi ya Nanenane,
Sekela na masweta mawili,
na boksi la sabuni lililotandikwa kitenge.
Anahesabu: sasa yuko Igawa.
Sasa Chimala.
Sasa Igurusi, anasikia harufu ya mpunga.
Basi likaja. Likashusha maparachichi,
magodoro mawili, bibi mmoja na fimbo yake.
"Mbwa?" akacheka kondakta.
Akaliona boksi, akamwona mtoto,
akakiacha kicheko katikati.

Namba haipatikani.
Huduma kwa wateja wakaniambia kwa upole
kwamba pesa ilitolewa dakika nne baada ya kufika.
Dakika nne. Viazi vyangu vilikaa ardhini miezi minne.

Usiku, chini ya blanketi,
Sekela akaivuta picha kwa vidole
mpaka mbwa akatoka nje ya kioo,
likabaki dirisha la nyuma yake.
"Mama, Njombe kuna minazi?"

Njombe! Ambako Julai maji ya kuku huamka yameganda!
Mnazi ulikuwa pale, mrefu, na madafu yake,
siku zote nane,
nami nilikuwa naangalia masikio.

Sokoni Uyole wananiita Mama Mnazi.
Waite tu. Nikipima viazi nawaambia:
mwambie amwoneshe akiwa hai, sasa hivi, amwite, ageuke.
Jina likija silo, ondoa kidole.
Anayekuharakisha ana basi lake, si lako.
Na mwenye mbwa kweli
haogopi nyayo zako kwenye ua wake.

Tulimpata mwingine Igawilo, kwa debe mbili za viazi.
Shenzi, masikio yote yamelala.
Alikikojolea kiatu changu kabla sijalipa,
nikajua yupo.
Sekela hakumwita Ukungu.
Jina lile, alisema, lina mwenyewe.

Nami nikikosa usingizi humfikiria yule wa picha,
huko kwenye minazi, amekua,
sikio la pili limeshaamua.
Ameuzwa Njombe, ameuzwa Mbeya,
ameuzwa sijui wapi tena asubuhi hii,
naye amelala kivulini,
hajawahi kulivuka geti la kwao.