Nusu Kichwa

Kichwa hakifichi kitu mbele ya kinyozi.
Kovu hili la nyuzi saba juu ya sikio
ni la rungu, usiku, nyuma ya kioski cha maji.
Hili jembamba ni la mwiko, siku unga ulipopungua.
Na hapa pasipoota nywele
ni bakoli ya mshipi wa baba.
Miaka kumi na sita nanyoa Kayole, hapa Masimba,
na sijaona kovu la barabarani
ambalo halikutanguliwa na la nyumbani.

Mbithi aliingia saa kumi na nusu.
"Kipara," akasema.
Kijana wa miaka kumi na tisa hatafuti kipara bure.
Nywele ndizo watu huzitaja
wakiulizwa aliyefanya alikuwaje.
Jua lilikuwa kali, naye amevaa koti zito.
Alipoketi, kitu ubavuni
kiligonga mkono wa kiti. Ngo.
Tukatazamana ndani ya kioo tu.

Nilijua. Mtaa mzima ulijua.
Kaka yake, Kyalo, alizikwa Alhamisi huko Mwala,
na waliomuua walikuwa mtaa wa pili
wanatafuna miraa, wanasukumana kwa kicheko.

Ningemwambia nini? Kwamba damu haioshwi kwa damu?
Hayo alishayasikia kaburini, kwa kipaza sauti,
kutoka kwa watu
ambao hawakuwahi kumnunulia Kyalo hata kalamu.
Mtungi uliojaa huuongezi maji.

Kwa hiyo nikanyoa.
Upande wa kushoto wote, toka paji hadi kisogo,
mpaka ngozi ikang'aa.
Kisha kidole gumba cha mguu wangu, chini ya meza,
kikaitafuta swichi ya soketi.

"Stima," nikasema. "Imeenda."

Umewahi kumwona kijana mwenye nusu kichwa?
Risasi anaweza kuikabili.
Kicheko cha wasichana wa saluni ya Nduku, hapo ng'ambo,
hakiwezi.
Akasimama. Akajitazama. Akaketi.
"Wembe?"
"Zimeisha."
"Basi nipe kofia."
"Sina."
Nilikuwa nimeikalia.

Ilipokaribia saa kumi na mbili
kinu cha unga cha jirani kikaanza kunguruma.
Kinu hakisagi kwa maombi.
Alikisikia. Nilimwona akikisikia,
shingo ikakaza, jicho likashuka hadi mguu wangu.
Nikangoja.
Hakuinuka.

Giza likaingia tukiwa tumekaa hivyo hivyo.
Alianza na viatu: kwamba anavaa vya Kyalo,
vinambana, na hataki kuvivua.
Kwamba jeneza bado linadaiwa.
Kwamba mama halali, anafagia usiku kucha
mahali palipokwisha kufagiwa.
Kisha kimya, halafu: "Wewe hukuwahi?"

Nikainama nikampa kichwa changu asome.
Vidole vyake vilikuwa baridi. Vikasimama kisogoni.
"Hili?"
"Hilo nilipewa," nikamwambia.
"Nililotoa mimi halikupona likawa kovu."

Stima nikairudisha saa mbili.
Nikamaliza upande wa kulia, nikampaka spiriti, akashtuka
kama mtoto. Pesa sikutaka.
Sitadanganya: koti aliondoka nalo, na kilichomo ndani yake.
Lakini mlangoni alikata kushoto, kwao,
nami nilisimama nikihesabu hatua zake
mpaka mbwa wa Mama Kadzo wakanyamaza.

Asubuhi, kabla sijafagia,
akaingia mmoja wa wale wa mtaa wa pili.
Macho mekundu, koti hadi shingoni.
Akaketi. "Kipara," akasema.
Nikashika kichwa chake, nikakigeuza kwenye mwanga.
Nyuma ya sikio, mahali pale pale,
bakoli ya mshipi.

Nikasogeza kiti karibu na swichi.