Pingili ya Tatu

Ruwi, ghorofa ya pili, juu ya dobi wa Kimalabari,
saa kumi alasiri na lami chini bado inanata viatu.
Kiyoyozi cha Anselmo kinadondoka kwenye ndoo ya rangi,
na mezani, ubavu kwa ubavu,
zimelazwa mbili kama wagonjwa wa wodi moja:

besi ya baba, ya mwaka sitini na sita,
iliyotoka Dar ndani ya godoro lililoshonwa,
vanishi imepauka ikawa rangi ya chai iliyosahauliwa;
na besi ya Ghalib, ya mwezi uliopita,
ya duka la Dubai lenye ngazi zinazopanda zenyewe,
bado ina nailoni kifuani.

"Vya kale dhahabu," akasema ami Thuwaini,
ambaye hajapata kushika uzi isipokuwa wa kanzu.
"Kipya kinyemi," Ghalib akamjibu,
nusu ya pili ya methali akaimeza.

Basi tukatundika shuka.
La maua, la kitanda cha mama, kwa vibanio vya dobi.
Anselmo nyuma yake; sisi mbele na kahawa na halua,
waamuzi wa mbio za ngamia wasiojua ngamia.

Akapiga ya kwanza. Akapiga ya pili.
Ami akafumba macho. "Hiyo! Hiyo ya pili!
Sikilizeni mti unavyozungumza.
Miti ya siku hizi haina ulimi."
Hata mimi nilihisi kitu kwenye mbavu,
hata mimi nilitikisa kichwa, naapa.

Shuka likashuka.
Ya pili ilikuwa na nailoni kifuani.

Ikamiminwa kahawa ambayo hakuna aliyeitaka.
Anselmo hakucheka. Akachukua bisibisi,
akaifungua ya baba, akatusomea
kama daktari asomavyo picha ya kifua:
sumaku si zake, hizi za Kijapani, za themanini na kitu;
shingo ya gitaa jingine, imechongwa mpaka ikakubali;
skrubu hizi mbili za cherehani.
"Cha sitini na sita," akasema,
kwa Kiswahili alichookota kwa wateja,
"ni kiwiliwili tu. Na hili tundu."

Za cherehani.
Nikaikumbuka ya mama, ilivyoyumba miaka yote
upande wa kushoto,
nasi tukilaumu sakafu ya Mabela.

Jumatano alikuja mnunuzi kutoka Sharja.
Aliinusa. Aliipiga picha namba.
Akataja riali elfu mbili na mia nne.
Nikamwambia ajaribu kidogo, asikie.
"Mimi sipigi," akasema, akijifuta vidole.
Anaitaka namba; namba iko kwenye bamba;
na bamba, sikumuuliza Anselmo limetoka wapi.

Mama ndipo akafika, anahema kwa ngazi.
Shuka tumelirudisha, Ghalib alitaka marudiano,
yuko nyuma yake na besi yake mpya,
waranti miaka miwili,
kila pingili imenyooka kama mstari wa daftari.
Mama hakuuliza mchezo gani. Akakaa juu ya spika,
akausikiliza ule mteremko wa kuelekea pingili ya tatu,
pale ambapo ya baba hukoroma ukiibonyeza sawasawa,
na baba, miaka ishirini na sita ya harusi za Sibu na Barka,
aliikwepa kwa kuchelewa nusu pumzi,
kidole kikitua nyuma kidogo ya mahali pake.

Ya Ghalib haikoromi popote.
Lakini kidole chake kilichelewa.

"Mwambieni," mama akasema, akitafuta kikombe chenye moto,
"hiyo haina kidonda. Aikanyage tu."

Kimya nyuma ya maua.
Kisha mteremko ukaja tena, wa kwanza, wa pili,
na kidole kikachelewa palepale.